Kichwa cha risasi kikiinama: tukinyooshe au tutafute kilichokiinamisha?

Watu wanaojijazia risasi wenyewe kwa ajili ya kulenga shabaha wamegawanyika makundi mawili kwa sababu ya kipimo kisichozidi unene wa unywele. Kichwa cha risasi kikishapachikwa kwenye ganda, mara nyingi hakikai sawasawa na mhimili wa ganda hilo; huinama kidogo upande mmoja. Laza risasi juu ya vigurudumu, gusisha ncha ya geji ya mshale kwenye kichwa chake, kisha izungushe polepole kwa kidole. Mshale utapanda na kushuka, na umbali kati ya pale ulipofika juu kabisa na chini kabisa ndio myumbo. Kundi la kwanza linasema risasi yenye myumbo unaozidi milimita 0.08 haifai mashindanoni. La pili linasema geji hiyo inakula muda ambao mpigaji angeutumia kujifunza kusoma upepo.

Kwa upande wa fizikia, kundi la kwanza lina hoja nzito. Chukua mtutu ambao mifereji yake, ile mikato ya mzunguko iliyochongwa ndani ili kukizungusha kichwa, hukamilisha mzunguko mmoja kila inchi 10, na kichwa kinachotoka kwa mwendo wa mita 800 kwa sekunde. Kichwa hicho kinajizungusha zaidi ya mara 3,100 kwa sekunde. Kikiingia kwenye mifereji kimeinama, hata kitovu cha uzito wake kikawa nje ya mhimili wa mtutu kwa milimita 0.01 tu, kikitoka mdomoni kitasukumwa pembeni kwa mwendo wa karibu mita 0.2 kwa sekunde. Kwenye shabaha iliyo mita 100, hizo ni sentimita 2.5 hivi, na kwa mpigaji wa mashindano hizo ni nyingi mno. Zaidi ya hapo, upande wa kusukumwa hutegemea kichwa kilikuwa kimeinamia wapi. Ndiyo maana wako wanaotia alama ya kalamu pale mshale ulipopanda juu kabisa, wakaingiza kila risasi kwenye chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, alama ikiwa juu, ili kosa likiwepo liende upande mmoja.

Lakini myumbo unaosomwa mezani si mwinamo uliomo ndani ya mtutu. Hapa kundi la pili linastahili kusikilizwa. Mbele ya chemba kuna koo la mtutu, sehemu laini ambayo kichwa hupita kabla ya kukamatwa na mifereji. Koo likiwa limechongwa kwa kubana, pana kuliko kichwa kwa kiasi kidogo sana, lenyewe hukinyoosha kichwa kilichoinama kwa kuwa shingo ya ganda, sehemu inayokishika kichwa, ni nyembamba na hukubali kusukumwa. Koo likiwa pana, kichwa huingia na mwinamo wake. Kwa hiyo myumbo uleule wa milimita 0.1 unaweza kuharibu shabaha ya bunduki moja na usionekane kabisa kwenye nyingine. Watu wawili waaminifu wanaweza kufanya jaribio lilelile wakapata majibu yanayopingana, na wote wakawa wanasema kweli.

Majaribio yenyewe nayo mara nyingi ni dhaifu. Mtu hupiga risasi 5 zilizonyooka na 5 zilizopinda, akatangaza hukumu. Makundi mawili ya risasi tano tano kutoka boksi moja yanaweza kupishana sana kwa bahati tu. Namba nazo hulinganishwa bila uangalifu: anayegusisha geji karibu na mdomo wa ganda na anayeigusisha karibu na ncha ya kichwa hawapimi kitu kimoja. Tena, geji huonyesha mara mbili ya umbali halisi wa kutoka kwenye mhimili.

Vipo pia vifaa vya kunyoosha: risasi iliyokwisha kujazwa hushikwa, kichwa kikasukumwa kwa skrubu mpaka mshale utulie. Sipendi njia hii. Shaba iliyopindwa hupenda kurudi ilikotoka, na shingo iliyosukumwa haishiki kichwa kwa nguvu ileile pande zote. Unapata namba nzuri kwenye geji na mshiko usiojulikana ndani ya ganda. Afadhali risasi zilizopinda zitengwe, zitumike kupasha mtutu joto na kurekebisha darubini.

Faida kubwa ya geji iko kwingine. Ganda lililotoka kupigwa huwa limechukua umbo la chemba, na shingo yake kwa kawaida imenyooka. Lipime hapo. Lipitishe kwenye kalibu ya kurudishia umbo, chombo cha chuma kinacholibana ganda lirudi kwenye vipimo vyake, ulipime tena. Kisha pachika kichwa na upime mara ya tatu. Mshale ukiruka baada ya ganda kupita kwenye kalibu, mshukiwa mkuu ni gololi ya kupanulia shingo iliyomo ndani ya kalibu, ile inayovutwa kutoka ndani kwenda juu na kuiburuta shingo upande mmoja. Ifungue, rudisha umbo bila gololi kwenye maganda machache, upime. Myumbo ukipungua, umempata mhalifu: paka kilainishi ndani ya shingo, au tumia fimbo ya kupanulia inayosukuma badala ya kuvuta. Shingo ikiwa imenyooka na kichwa ndicho kilichoinama, kagua kalamu ya kupachikia, kile kijiti kinachosukuma kichwa kiingie kwenye ganda, kama inakumbatia mpindo wa kichwa au inagonga ncha tu, na kama mdomo wa ganda umechongwa vizuri ndani. Shingo yenye ukuta mnene upande mmoja haitaponyeshwa na kalibu yoyote. Hiyo huchongwa nje, au ganda huwekwa kando.

Kazi hiyo hufanywa mara moja kwa kila seti ya kalibu na kila aina ya maganda. Myumbo ukishakaa chini ya milimita 0.05, sioni sababu ya kupima kila risasi. Chache kutoka kila boksi zinatosha, na geji irudi mezani pale tu kalibu au maganda yanapobadilishwa.