BMW M5 ya V10: bei ya gari imeshuka, vipuri havijashuka

BMW M5 ya umbo la E60 ilipoingia Marekani mwishoni mwa 2005, bei yake ilizidi dola 80,000. Leo ile ile, ikiwa imetembea kilomita laki moja na nusu, unaweza kuipata kwa bei ya gari dogo jipya la familia, na nyingine kwa chini ya hapo. Mabishano yanaanzia hapo. Wako wanaosema ni hazina inayouzwa kwa bei ya mtumba, na wako wanaosema ni shimo la pesa, ukitumbukia hutoki. Nimeyafuatilia mabishano haya kwa miaka kwa sababu gari hili nalipenda kwa dhati, na naona kila upande umeshika nusu ya ukweli.

Tuanze na kinachowavuta watu. Chini ya boneti kuna injini ya silinda 10, lita 5, bila tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), yenye nguvu za farasi 507, na inazunguka mpaka mara 8,250 kwa dakika. Hiyo ni sedani ya milango minne, yenye buti la kutosha mizigo ya safari na siti za nyuma ambazo mtu mzima anakaa kwa raha. Bloku yake ilimiminwa Landshut, kiwanda kile kile kilichomimina injini za Formula 1 wakati BMW ikiipa timu ya Williams injini za V10. Ukiwasha gari unapewa farasi 400 tu. Wengine 107 wanasubiri mpaka ubonyeze kitufe cha M kwenye usukani. Mwaka 2005 na 2006 injini hiyo ilitwaa tuzo kuu ya Injini ya Mwaka ya Kimataifa. M5 zilizofuata zina tabo, zina kasi zaidi, lakini mlio ule hazina.

Sasa gharama. Fundi yeyote anayeijua injini hii, iitwayo S85, ataanza na beringi za konrodi. Kila pistoni imeshikwa na mkono wa chuma, ndiyo konrodi, unaoizungusha krankishafti, mhimili mkuu wa injini, na mahali mkono unapoikumbatia krankishafti kuna vipande viwili vyembamba vilivyopinda kama nusu pete. Konrodi ni 10, kwa hiyo vipande ni 20. Chuma na chuma havitakiwi kugusana pale. Katikati panatakiwa kuwe na utando wa oili tu. Fundi akishusha sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuvitoa, anavipanga mezani kwa mpangilio wa silinda, anavifuta kwa kitambaa, kisha anasoma rangi. Kizima ni cha kijivu kilichotulia. Kilichoanza kulika kina mabaka yanayong'aa. Kilichokwisha kinaonyesha wekundu wa shaba, na ukikipitisha ukucha unakwama kwenye michirizi. Ukiendelea na safari zaidi ya hapo injini inanoki, yaani inagonga kwa ndani, na konrodi ikikatika hutoboa bloku. Kubadilisha beringi mapema, huko Ulaya na Marekani, ni kazi ya maelfu machache ya dola. Ukichelewa unatafuta injini nyingine, na bei yake inaweza kukaribia bei ya gari zima.

Watetezi wana jibu lao: injini zilizokufa ziliuawa na wenyewe, watu wanaowasha asubuhi na kukanyaga mpaka mwisho kabla oili haijapata moto. Hoja ina uzito. Oili iliyoelekezwa na kiwanda ni 10W-60, nzito sana ikiwa baridi, na waliolitengeneza gari walilijua hilo: kwenye geji ya mizunguko, taa za onyo zinaanza chini injini ikiwa baridi, halafu mpaka unapanda kidogo kidogo kadiri oili inavyopata moto. Gari lenyewe linakuomba subira.

Lakini hapo ndipo ninapoachana nao. Beringi zilizolika zimetolewa pia kwenye magari ya watu waangalifu, waliopasha injini kila siku na kubadilisha oili kabla ya muda. Wajenzi wengi wa injini wanaeleza kwamba nafasi kati ya beringi na krankishafti iliachwa finyu mno kwa oili nzito namna ile. Injini ya V8 ya M3 ya zama hizo, ambayo ni ndugu wa hii, inalaumiwa kwa jambo hilo hilo. Kumwambia mtu aliyepoteza injini kwamba alikuwa mzembe, bila kujua aliitunza vipi, ni kumwonea.

Wanaoiita takataka nao wanakosea. Ugonjwa unaojulikana jina, mahali ulipo na dalili zake unatibika. Unaweza kutoa oili kidogo, ukaipeleka maabara, ukapewa kiasi cha madini ya risasi na shaba yaliyomo. Yakipanda kutoka kipimo hadi kipimo, ujue beringi zinalika. Mimi nazihesabu beringi hizi kama breki: zina umri, zinabadilishwa, maisha yanaendelea.

Giaboksi ya SMG inanitia mashaka zaidi. Ina gia 7 na klachi moja, inayokanyagwa na mfumo wa haidroliki badala ya mguu wako. Kwenye barabara iliyo wazi inapiga gia kwa ukali mtamu. Kwenye foleni inakurusha mbele na nyuma, na kila unaposogea hatua mbili klachi inalika. Pampu ya haidroliki ikifa, gia haziingii na safari imeishia pale pale. Wamarekani walipewa pia giaboksi ya mkono ya gia 6 kuanzia toleo la 2007, na wako wenye SMG walioing'oa na kufunga ya mkono. Kuna pia vifaa viwili vinavyofungua throto, milango ya kuingizia injini hewa, vyenye meno ya plastiki ndani. Yakiisha, taa inawaka na nguvu inapungua. Mafuta ni hesabu fupi: tangi ni lita 70, na mjini lita 20 kwa kilomita 100 ni kawaida, kwa hiyo kilomita 350 na umerudi kituoni.

Kinachoyaua magari haya zaidi, kwa maoni yangu, ni jinsi bei inavyoshuka. Mmiliki wa kwanza alikuwa na pesa na waranti. Wa tatu au wa nne amekusanya akiba yake yote akalinunua, na siku ya pili anakuta tairi za nyuma ni za 285/35 inchi 19, diski za breki za mbele ni za milimita 374, na kila kitu kina bei ya gari la dola 80,000. Anaahirisha oili. Anaahirisha beringi. Anazima taa ya dashibodi kwa kufuta kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari, kisha anauza.

Kwetu hesabu ni ngumu zaidi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na E60 za mwisho ni za 2010, kwa hiyo zilizopo ni zile zilizoingia kabla mlango haujafungwa. Spea utaagiza nje, utalipia usafiri na ushuru, na utalaza gari ukisubiri. Anayetaka sedani ya kasi ya kwendea kazini kila siku ningemwelekeza kwenye Lexus IS F: ni ndogo zaidi, ina V8 ya lita 5 na haina sifa hii ya kula beringi. M5 hii ningemshauri mwenye gari lingine la kazi, na akiba kando isiyopungua thuluthi moja ya bei aliyonunulia.

Siku ya kwenda kuliona, uliza stakabadhi ya beringi: tarehe, kilomita, na kama zile za zamani zilipigwa picha. Madalali wetu hupenda kusifia kwamba injini haijawahi kufunguliwa. Ukisikia hivyo kwa V10 hii iliyotembea kilomita laki moja na nusu, toa gharama ya beringi kwenye bei kwanza, kisha ndiyo muanze kuzungumza.