Washenga Telemkeni, Gari Livuke Tuta

Suzuki Swift Sport ikiwa imeegeshwa, tena na vumbi lake, utasema ni kigari cha kumpeleka mtu sokoni. Milango mitano, urefu haufiki mita nne, buti ukiweka ndoo ya nyanya na mkungu wa ndizi umemaliza. Wenye Prado huitazama kwa huruma. Hawajui kwamba hii iliyoanza kuuzwa Japani Septemba 2017, ambayo mashabiki wake huiita ZC33S, ina injini ya lita 1.4 yenye turbo, nguvu za farasi 140 na mvuto, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu, wa nyutonimita 230, halafu gari zima, likiwa la manyuo, la kubadili gia kwa mkono, lina kilo 970. Tani moja halifiki! Ndiyo maana ukiwa peke yako asubuhi na mapema, gia ya pili, barabara nyeupe, ukikanyaga mafuta unajikuta unacheka bila kuambiwa kitu.

Shida ni tumbo lake. Kutoka chini ya gari hadi lami ni sentimita 12, na matairi yake ya 195/45 kwenye rimu za inchi 17 ni membamba ubavuni kiasi kwamba hata shimo la kawaida unalisikia kwenye meno. Binamu yangu, ambaye ndiye mwenye gari, aliagiza la manjano ili lionekane. Aliponiachia ufunguo akisafiri kikazi, hakuzungumzia mafuta wala kuosha. Alisema, "Lisiguse chini. Mengine yote tutaongea."

Sasa mdogo wangu alikuwa anaoa Morogoro. Barua ilishajibiwa, ikabaki kupeleka mahari, na wa kupeleka walikuwa akina mama wanne: shangazi mkubwa, shangazi mdogo, mama mdogo, na jirani yetu mmoja tuliyemfanya msemaji kwa sababu katika ukoo wetu hakuna wa kumfikia kwa maneno. Treni ya SGR, inayokwenda Morogoro tangu Juni 2024, ilipendekezwa na vijana. Shangazi mkubwa akaikataa. Alisema treni gani hiyo haisimami Chalinze mtu akanunua mayai. Ikakodiwa Noah.

Siku yenyewe dereva wa Noah akazima simu. Saa moja asubuhi, saa moja na nusu, simu haipatikani. Wamama wamekaa barazani na vitenge vya sare, wamepaka hina, wana mabegi, blanketi la bibi, koti la babu, doti za khanga na mkaja wa mama. Macho yote yakahamia kwenye kile cha manjano kilichokuwa chini ya mwembe.

"Hiki nacho si gari?" akauliza shangazi mdogo.

Kilo za watu sizitaji, nalelewa nao. Nitasema tu kwamba walipomaliza kuingia, na buti likafungwa kwa kusukumwa na watu wawili, nilichuchumaa kuangalia zile sentimita 12. Hazikuwepo. Vilikuwepo vidole vitatu, tena vyangu ni vyembamba.

Shangazi mkubwa alikaa mbele. Nilipowasha, sauti ya mwanamke ikasema maneno marefu ya Kijapani. Ni ile mashine ya kulipia barabara za kulipia za kwao inayokumbusha kwamba kadi haijachomekwa. Gari linayasema hayo kila siku na hakuna aliyewahi kulijibu. Shangazi akaitikia, "Amina, mwanangu," tukaondoka.

Tuta la kwanza tulilikuta kabla hata hatujafika Kibaha. Nilikwenda polepole, mshazari, gurudumu moja moja. Bado likakwaruza, kwa sauti ndefu iliyonipita mgongoni. Nikasimama, nikachungulia. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nzima, bampa nzima, mimi ndiye sikuwa mzima.

"Baba, kwani likiwa tupu linapita?" akauliza msemaji.

"Likiwa tupu linapita vizuri tu, mama."

"Basi tushuke."

Ndivyo ulivyoanza utaratibu. Nikikaribia tuta naweka indiketa, nasimama pembeni, shangazi mkubwa anatangaza, "Washenga telemkeni!" Wanashuka wanne, wanavuka tuta kwa mguu wamejipanga kama maandamano ya Mei Mosi, mimi navuka na gari tupu, nawasubiri ng'ambo, wanapanda. Mabegi ya mikononi waliyaacha ndani, nani abebe begi kwa hatua kumi? Rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo, tulikuwa tunazipita nao, meno yakigongana, lakini matuta ni matuta. Barabara ya Morogoro nilikuwa nadhani naijua. Sikuwa najua kwamba kila kijiji kina tuta la kuingilia, la shule, la zahanati na la kutokea.

Mlandizi watoto wakaanza kutusindikiza. Vigwaza, pale kwenye mizani, dereva mmoja wa semi akatuuliza kama na sisi tumezidisha uzito. Chalinze walipoteremka wachuuzi wakadhani ni basi la wateja, wakatuzingira na mayai ya kuchemsha, korosho na maji, na shangazi mkubwa akapata alichokitaka. Hapo peke yake ilikwenda nusu saa. Simu za upande wa binti zikaanza: mko wapi? Msemaji akajibu, "Tumekaribia sana," na tulikuwa bado tunamenya mayai.

Katikati ya matuta nilijitahidi kufidia muda, na hapo ndipo nikaona ubora wa kile kigari. Turbo yake ni ndogo na inaamka mapema. Ikifika mizunguko 2,500 kwa dakika mvuto wote upo mezani, huna haja ya kusubiri injini ipige kelele. Hata na mzigo ule kilipanda vilima bila kuomba gia ya chini. Ila ilibidi mguu wa kulia uongezewe nguvu, na mguu ukazoea.

Kwenye dashibodi, katikati ya zile saa mbili kubwa za mwendo na mizunguko, kuna kioo kidogo kinachoonyesha presha ya turbo. Shangazi mkubwa anatumia dawa za presha, na hilo neno kwake si la mchezo. Nilipomweleza kile kimshale ni cha nini akakishika macho mpaka mwisho. Nikikanyaga kidogo: "Presha inapanda!" Nikiachia: "Haya, imeshuka, Alhamdulillahi." Mama mdogo nyuma akataka kujua hiyo turbo hasa ni kitu gani. Nikamwambia moshi unaotoka kwenye injini hautupwi bure, kwanza unazungusha kifeni, na kifeni hicho kinazungusha cha pili kinachosukuma hewa safi iingie injini kwa nguvu, mafuta mengi zaidi yaungue. Akafikiri. "Kumbe linajipepea lenyewe," akasema. Sijapata maelezo bora kuliko hayo hata kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar.

Tukapita Bwawani. Mbele kidogo kuna kijiji ambacho jina lake nalihifadhi, kina tuta moja refu, halafu kona, halafu miti. Washenga wakatelemka. Nikalivuka tuta taratibu, nikaingiza gia ya pili nisogee pembeni niwapishe malori. Mguu ule ule uliozoea kusukuma ukoo mzima ukakanyaga kama ulivyozoea, na ukoo haukuwemo.

Turbo ikaamka. Kile kigari kikaruka kama mbuzi aliyekatika kamba, mabegi manne yakabamizwa kwenye viti, koti la babu likateleza kutoka juu ya dashibodi likanifunika uso upande mmoja, na kabla sijalitoa nilikuwa nimeshaimaliza kona na trafiki yuko katikati ya barabara ameinua mkono.

Tochi ya kupimia mwendo ilisoma 71. Eneo la 50.

"Leseni." Nikampa. "Mbona unakimbia, kijana?"

"Afande, kuna wamama nimewaacha pale kwenye tuta, ni washenga, gari likiwa na watu haliwezi kuvuka..."

Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuwa mhalifu. Wakati huohuo bodaboda akatoka upande wa kijijini, akapunguza mwendo kwa trafiki: "Afande, kuna kigari cha njano kimewashusha wamama pale tutani kikakimbia na mizigo yao!" Halafu akaliona gari. Akanyamaza, akaegesha, akakaa kuangalia.

"Fungua buti," trafiki akasema.

Nikafungua. Blanketi jipya, khanga, mkaja, na kule kwenye viti mabegi manne ya kike. Katika begi moja simu ikaanza kuita, katika jingine ikaitika nyingine. Hapo ndipo nilipogundua kwamba siwezi kumpigia mtu yeyote. Wamama wako tutani na simu zao zote ninazo mimi.

Likaja Coaster. Baadaye nilielezwa jinsi ilivyokuwa: wamama walikuwa wamesimama juani, konda akawaambia gari lenu limekamatwa hapo mbele, pandeni tuwashushe kwake. Konda alikuwa mkweli. Ila Coaster ilikuwa nyomi, watu wamesimama mpaka mlangoni, na dereva wake alipoona trafiki ameinama kwenye buti langu akaona asimsumbue mtu aliye kazini. Akapita kwa adabu kabisa, spidi 40, macho mbele. Dirishani nikaiona sura ya msemaji wetu, mdomo unasema maneno mengi, mkono unapunga begi ambalo hana.

"Wale pale, afande! Wale pale!"

Akageuka. Coaster ilishaingia kwenye miti. Nguvu za farasi 140 nilizo nazo zilikuwa zimeegeshwa chini ya mkwaju, na leseni iko mfukoni kwa mtu.

Simu ikaita tena. Trafiki, ambaye alikuwa ameanza kuchoka na kelele, akaichukua akapokea mwenyewe. "Haloo. Hapana, mimi si shangazi. Hapa ni polisi, barabarani. Wenye simu? Wenye simu hatujui walipo. Mizigo yao tunayo." Upande wa pili nilisikia mwanamke akipiga ukunga, kisha simu ikakatika. Ilikuwa nyumbani kwa binti.

Nikaandikiwa 30,000 za mwendokasi. Kesi ya wamama ilikwisha baada ya robo saa, shangazi mkubwa alipoazima simu ya mwanafunzi ndani ya Coaster akaipigia namba yake mwenyewe. Trafiki akapokea, wakasalimiana vizuri, akaulizwa kama yule kijana amekula. Akanirudishia leseni huku anajitahidi asicheke, na yule bodaboda, ambaye alikuwa amepoteza abiria wote wa saa hiyo, akanishauri nipunguze mguu.

Msamvu, stendi ya mabasi ya Morogoro, kumbe konda aliwadai nauli. Hawana hata senti, pochi ziko kwangu. Akawafuata kwenye bajaji mpaka nyumbani kwa binti, bajaji nayo haijalipwa. Kule wazee walikuwa wamesimama barazani, wameshapata habari kwamba washenga wamepotea mikononi mwa polisi, na mama wa binti amemwagiwa maji. Hapo wakateremka wamama wanne wenye sare, bila blanketi, bila koti, bila mkaja. Msemaji wetu, mwanamke aliyekaririshwa ufunguzi wenye mashairi, akapiga hodi, akasalimia, na kitu cha kwanza alichoomba katika nyumba ile hakikuwa binti. Ilikuwa nauli.

Nilipofika mimi, mjomba wa binti alikuwa ameshafungua daftari. Faini ya kuchelewa. Faini ya kuwashtua wazee kwa simu ya polisi. Nauli ya Coaster watu wanne, bajaji moja, kila kitu na kiasi chake pembeni. Nikashusha mizigo nikiwa nimeinamisha kichwa. Mjomba akanipita, akatoka nje, akalizunguka gari kimya. Akachungulia tumboni. Akanyanyuka akafuta magoti.

"Hii ni ya turbo?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Lete ufunguo."

Walikwenda yeye na kijana mmoja, hakuna mzigo, hakuna shangazi. Tulisikia gia ya pili ikivutwa mpaka mwisho huko barabarani, kisha ya tatu, kisha kimya kirefu kilichonifanya nimfikirie binamu. Mzee akarudi kofia imegeukia nyuma. Akaketi, akavaa miwani, akachukua kalamu akafuta mstari wa kwanza wa daftari.

"Faini ya kuchelewa naiondoa," akasema. "Gari lile halichelewi. Lilicheleweshwa."

Msemaji wetu akaona mlango umefunguka, akasogea mbele kwenye mkeka. "Na nauli, mzee wangu?"

"Nauli inabaki."