Huku Mtaa, Kule Serikali

Kila nikipiga simu nyumbani Mombasa kutoka huku Uingereza ninakoishi, naulizwa lile lile: mnaishi vipi na Wazungu wasioutaka Uislamu? Swali hili limezidi tangu 2024, picha za msikiti wa Southport, mji wa huku Uingereza, ukirushiwa matofali zilipozagaa kwenye simu za kila mtu. Jibu langu huwa haliwaridhishi, kwa sababu nami huuliza: na nyinyi mnaishi vipi na polisi wa Kenya?

Nieleze. Tarehe 29 Julai 2024 wasichana watatu wadogo waliuawa kwa kisu Southport wakiwa kwenye darasa la dansi. Polisi hawajamtaja mshukiwa, mitandao ilishampachika jina la Kiislamu na kumfanya mkimbizi aliyeingia kwa boti. Uongo mtupu. Kijana mwenyewe kazaliwa huku huku, Cardiff, wazazi wake ni Wakristo kutoka Rwanda. Jioni ya pili yake umati ukauvamia msikiti, kisha fujo zikaenea mji hadi mji. Rotherham walijaribu kuichoma hoteli ya waomba hifadhi na watu wamo ndani. Liverpool wakatia moto maktaba. (Maktaba! Sijui vitabu vya watoto vilimkosea nani.) Ukweli ulipotangazwa fujo hazikukoma, maana mwenye chuki yake hangoji ushahidi.

Wiki ile makundi yetu ya WhatsApp yalijaa maonyo: msitoke usiku, watoto wasipelekwe bustanini, anayeweza kufanyia kazi nyumbani asitoke. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, haifanyiki kwa simu, kwa hivyo nilitoka na ushungi wangu kama kawaida. Bibi mmoja ninayemwogesha alimpigia binti yake aje anirudishe kwa gari. Bibi huyo huyo huniambia wazi kwamba Waislamu wamezidi nchini mwake, halafu hunishika mkono: lakini si wewe. Sensa ya 2021 ilitukuta asilimia 6.5 ya watu wa Uingereza na Wales. Nadhani Mwislamu anayemfahamu ni mimi tu, wengine wote huwaona kwenye televisheni.

Sasa sikilizeni upande wa serikali. Wiki mbili hazijapita, mahakama zilikuwa zinawafunga waliofanya fujo, wengine miaka mitatu. Misikiti ikaahidiwa ulinzi wa ziada. Mimi niliyetoka Mombasa nilistaajabu. Kwetu Februari 2014 polisi waliuvamia Masjid Musa, msikiti wa Mombasa, na Aprili ya mwaka huo huo maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakasombwa Nairobi na kurundikwa uwanja wa Kasarani. Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa Mombasa aliyetuhumiwa kuwaunga mkono al-Shabaab, alipigwa risasi barabarani mwaka 2012. Mafundisho yake sikubaliani nayo hata kidogo, lakini aliyemuua yuko wapi? Na kitambulisho je? Muulizeni kijana wa Garissa, au hata wa Old Town ya Mombasa, jinsi alivyoagizwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu, wakati mwenzake wa bara alikipata bila usumbufu.

Ila mtaa wa nyumbani siubadilishi na wowote. Jirani Mkristo anajua adhana ya Magharibi ni saa ngapi na haji na maneno yake kabla watu hawajafuturu. Idd ni sikukuu ya taifa, huku naomba ruhusa kazini na mwandamo haujajulikana. Na Desemba 2015 al-Shabaab walipolisimamisha basi kule Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi siku hiyo, akafariki mwezi uliofuata.

Waingereza wanasema hatujichanganyi. Kuna ukweli ndani yake, nasi tusijitie hamnazo. Wako kina mama huku ambao waume zao hawataki wajifunze Kiingereza, na watoto wanaotoka shule wakaingia madrasa hadi usiku, mpira na wenzao wa mtaani hawaujui. Lakini kuna wakati mtu anajaribu akafungiwa mlango, na kuna wakati anafunguliwa. Juni 2013, siku chache baada ya vijana wawili kumuua askari Lee Rigby kwa madai ya kuwatetea Waislamu, kituo cha ndugu zetu Wabarawa, watu wa mji wa Barawa pwani ya Somalia, kule Muswell Hill, London, kiliteketea kwa moto, na ukutani yakakutwa maandishi ya kundi linalotupinga. Ramadhani ilipoingia, waliowapa pa kukusanyika ni Wayahudi wa sinagogi la jirani. Watu wa Barawa, wasemao Chimiini, lahaja ya Kiswahili, wamekaribishwa na sinagogi! Kule kwetu nikihadithia hili huambiwa nimetiwa kasumba na Wazungu.

Shemeji yangu ananiuliza kama amlete binti yake kusoma huku. Amlete, na ushungi wake avae. Akishafika na kupata makazi, cha kwanza ajiandikishe kupiga kura, kwa kuwa Mkenya ni raia wa Jumuiya ya Madola na sheria ya hapa inamruhusu kupiga kura hata kabla ya kupewa uraia. Madiwani ndio wanaoamua msikiti ujengwe wapi, na wengi wetu siku ya uchaguzi tunakaa nyumbani tukilalamika kwenye WhatsApp.