Kwetu mbunifu anakopeshwa, Marekani analipwa ajaribu

Vijana wa nyumbani wakisikia kwamba serikali ya Marekani inatoa ruzuku kwa kampuni ndogo za teknolojia, swali la kwanza huwa ni dola ngapi. Mimi naona tuulize hela hiyo inalipia nini, maana hapo ndipo Tanzania tumeachwa nyuma, na si kwa sababu ya umaskini peke yake.

Mpango wenyewe unaitwa SBIR, kifupi cha Kiingereza cha "utafiti wa ubunifu wa kampuni ndogo". Ulianza kama jaribio la Shirika la Taifa la Sayansi, NSF, mwaka 1977, ukawa sheria mwaka 1982. Taasisi yoyote ya serikali kuu inayotumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kulipia utafiti unaofanywa nje ya maabara zake, inatakiwa kutenga asilimia 3.2 kwa ajili ya kampuni ndogo. Taasisi 11 zimo, Wizara ya Ulinzi na ya Kilimo zikiwemo. Hakuna anayesubiri waziri aguswe moyo. Fungu limo kwenye sheria.

Fedha hutoka kwa awamu. Ya kwanza, ya miezi 6 hadi 12, inajibu swali moja tu: je, jambo hili linawezekana? NSF kwa miaka ya karibuni imekuwa ikitoa hadi dola 305,000 hapo. Ya pili ni ya kutengeneza kitu chenyewe, hadi dola 1,250,000. Ya tatu haina hela ya mpango, ila ina kitu kikubwa zaidi: taasisi ya serikali inaruhusiwa kununua kilichotengenezwa bila kuitisha zabuni upya. Serikali haichukui hisa. Hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, inabaki kwa kampuni, serikali inabakiwa na haki ya kuutumia uvumbuzi huo kwa shughuli zake. Jaribio likigoma baada ya kazi kufanywa kwa uaminifu na ripoti kuandikwa, hakuna anayedaiwa.

Sasa tazama andiko la kuomba ruzuku linavyopimwa. Chukua kifaa cha kupima unyevu wa mahindi, kitu tunachokihitaji mno, kwa sababu mahindi yakiwekwa ghalani na unyevu unaozidi asilimia 13.5 fangasi wanaoleta sumukuvu wanapata nafasi. Ukiandika "kifaa chetu kitamkomboa mkulima", umekwama mlangoni. Wahakiki wanataka kuona usichokijua bado: "Kihisi kinachopima umeme kupitia punje hudanganywa na joto na namna punje zilivyoshindiliwa. Hatujui kama kinaweza kusoma katikati ya gunia la kilo 100, kwenye joto la nyuzi 35, kikakosea kwa chini ya asilimia 1. Tutajaribu kwa viwango vitano vya unyevu, na kila kiwango tutakilinganisha na sampuli iliyokaushwa kwenye oveni." Huyo ndiye anayepewa. Kama jibu unalo tayari na kazi iliyobaki ni kuzalisha na kutangaza, utaambiwa hela hii si yako.

Kwa Waswahili wenzangu mlioko huku Marekani, wengi hukwama kabla hata andiko halijasomwa. Zaidi ya nusu ya kampuni lazima iwe mikononi mwa raia au wakazi wa kudumu wa Marekani, kwa hiyo mwenye viza ya kazi tu hawezi kuwa mmiliki mkuu. Kiongozi wa mradi lazima ajira yake kuu iwe kwenye kampuni hiyo wakati ruzuku inatolewa. Mtu anayefundisha chuo siku nzima na kuja kwako jioni hafai. Utafiti ufanyike Marekani, kwa hiyo msitegemee kuipeleka kazi Arusha. Halafu kuna usajili wa SAM.gov, tovuti ya serikali ambako kampuni inayotaka fedha zake lazima ijiandikishe. Ni bure, anayekutoza anakuibia, lakini jina la kampuni na anwani visipofanana herufi kwa herufi na hati za usajili, unaweza kuzungushwa wiki nyingi. Anzeni miezi miwili kabla. Na mkumbuke kibali cha mpango hutolewa na Kongresi kwa muda: kiliisha tarehe 30 Septemba 2025, na kampuni zilizokuwa zinategemea awamu ya pili zikabaki zimening'inia. Hilo nisingependa tuliige.

Nyumbani tunayo asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Iliingizwa kwenye sheria mwaka 2018, ikasimamishwa 2023, ikarudi 2024. Haimtozi mtu riba, na kwa cherehani, kuku au bodaboda inafaa kabisa. Lakini ni mkopo, na unarudishwa. Kijana mwenye kifaa kisichojulikana kama kitafanya kazi ataogopa kuuchukua, na ana haki ya kuogopa. Upande wa pili tunayo MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, tangu 2019, ambayo imewatoa mafundi wengi gizani. Ila anayefika kwenye mashindano ni yule aliyekwisha kuunda kitu, kwa kawaida kwa hela ya mfukoni. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, huwaendeleza baadhi. Anayebaki bila msaada ni yule mwenye swali zuri na mfuko mtupu.

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba kutenga asilimia kwa sheria hakuwezekani kwetu. Halmashauri zinatenga kumi! Naomba wizara zenye shida za kiufundi, kilimo, maji, uvuvi, nishati, zibanwe na sheria zitenge hata nusu ya asilimia moja ya bajeti zao za utafiti, itolewe kama ruzuku ya kujaribu, kwa awamu, shida ikiwa imeandikwa na wizara yenyewe. Kilimo inaweza kuanza na swali hilohilo la gunia la kilo 100: iwape timu tano miezi sita ya kulijibu, itakayofaulu iendelee, na NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambayo hununua mahindi na haiwezi kukwepa kupima unyevu, iwe mteja wa kwanza.