Nyumbani tunauliza bunduki, Uswidi wanauliza risasi

Ndugu zangu wa Liwale mtanisamehe, lakini mabishano yenu ya uwindaji kwenye grupu huishia kwenye namba ya bunduki. Fulani ana .375, fulani ana .458 (kipenyo cha risasi yake kwa inchi), basi, mjadala umefungwa. Huku Jämtland, Uswidi, ninakoishi, mwalimu wa wanangu ni mwindaji, fundi bomba ni mwindaji, na ikifika Septemba wanachobishania ni kile kichwa cha risasi: kina gramu ngapi, kimeundwaje, kikigonga mfupa kinabaki na nini.

Sheria yao nayo imekaa hivyo hivyo. Kwa älg, mnyama wa misituni mwenye pembe pana ambaye dume lake hufika kilo 400, risasi ya gramu 9 lazima iwe bado na nguvu ya kugonga ya jouli 2,700 ikifika mita 100. Ikiwa na gramu 10 au zaidi, jouli 2,000 zinatosha. Tena iwe ya kupanuka ikigonga. Ile ngumu iliyovikwa gamba mwili mzima ni marufuku. Kwetu Tanzania, ukitaka nyati au tembo, sharti linalojulikana na kila mtu ni kipenyo: kisipungue .375.

Sina ugomvi na .375. Ipo tangu 1912, na risasi yake ya greini 300, yaani gramu 19 na kitu, imeangusha nyati wasiohesabika. Ninachokataa ni kudhani kipenyo kinamaliza kazi. Tia ndani yake risasi laini ya kizamani, yenye gamba jembamba la shaba, umpige nyati begani kwa karibu. Kuna hatari ipasukie kwenye mfupa, vipande vibaki kwenye nyama ya bega na mapafu yasiguswe. Wakati huohuo bunduki ya 6.5 mm ya Waswidi, ambayo wazee wetu wangeicheka, humpenya älg vizuri kwa risasi ya gramu 10.1, kwa kuwa risasi hiyo ni ndefu na nzito kulingana na wembamba wake. Yule Mskoti Bell, aliyepewa jina la Karamojo kwa sababu ya Karamoja ya Uganda, aliua mamia ya tembo kwa 7 mm. Watu hukumbuka udogo wa bunduki, wanasahau kwamba alitumia risasi ngumu na alijua ubongo wa tembo ulipo. Msimuige, tafadhali.

Wala sisemi tuhamishie kanuni za Waswidi Liwale. Fuvu la tembo linataka risasi ngumu, ile ile inayokatazwa huku. Kwa nyati, wawindaji wengi wazoefu huanza na ya kupanuka yenye muundo imara, ambayo kiini chake cha madini ya risasi kimeshikamana na gamba, kisha zinazofuata ni ngumu. Ngumu ikitangulia ndani ya kundi, inaweza kumtoboa dume na kumjeruhi jike aliye nyuma yake.

Na kwenye mnyama aliyejeruhiwa ndipo ninapowaonea wivu Waswidi. Huku ukiwinda mnyama kama älg, lazima uwe na uhakika wa kumpata mbwa aliyefunzwa kufuata damu, afike ndani ya saa mbili tangu risasi ipigwe. Kwetu nyati aliyejeruhiwa akiingia kichakani, mgeni aliyelipia uwindaji keshokutwa yuko kwenye ndege. Anayekutana na yule nyati ni mama aliyefuata kuni.

Siku hizi mabishano ya huku yamehamia kwenye risasi za shaba tupu. Denmark imepiga marufuku zenye madini ya risasi tangu 2024, kwa kuwa vumbi lake hubaki kwenye nyama. Shaba ni nyepesi, hivyo kwa uzito uleule risasi huwa ndefu zaidi, na wengi huteremka kidogo uzito. Inapenya kweli, ila bei yake inauma hata kwa mshahara wa huku.

Kwa hiyo wakati mwingine mkijadili askari wa wanyamapori wanaotumwa kumkabili tembo shambani, msiniambie tu kwamba wamepewa .458. Niambieni wamepewa risasi gani, na mwaka huu wamelenga shabaha mara ngapi kabla ya kupelekwa huko.