Ndago Zilivyoniumbua Mbele ya Wakwe

Wazee wa upande wa mchumba wangu walisema kabla ya kupanga mahari watakuja Kimara waone ninapoishi. Nikautazama uwanja wangu, mita 4 kwa 10, vumbi na ndago tupu, aibu ikanishika. Nikanunua nyasi bandia: rola mbili za mita 2 kwa 10, jani la milimita 35.

Fundi akanielekeza bure. Chimba inchi 4, toa udongo pamoja na mizizi. Mwaga kokoto ndogo, juu yake vumbi la kokoto, shindilia, na kila mita ishuke sentimita moja au mbili ili maji yapate njia. Halafu kitambaa cha kuzuia magugu, ndipo nyasi. Nikamsikiliza kwa adabu, moyoni nikasema huyu anatafuta posho ya siku tatu.

Nikafyeka ndago, nikatandika. Asubuhi moja tu!

Nikatoka barabarani nijione tajiri. Kushoto kijani kimekolea, kulia kumepauka kama shati la sare mwisho wa muhula. Kumbe nyasi hizi zina mlalo, kama manyoya ya paka, na rola zote sharti zilalie upande mmoja. Yangu moja nilikuwa nimeigeuza, na nimeshaiunga kwa gundi nyeupe ya mbao, eti utepe wa kuungia na gundi yake ni ghali. Bahati nzuri mvua ikanyesha, gundi ikarudi kuwa maziwa, rola nikaigeuza.

Mchanga nao. Unatakiwa wa silika, msafi, angalau kilo 5 kwa mita ya mraba, ili jani lisimame. Mimi nikamwaga wa kujengea uliobaki kwenye choo. Udongo wake ukaziba matundu ya kupitisha maji, na mteremko hakuna. Vyura wakahamia kabla ya mke.

Ndago ndiyo iliyonimaliza. Ukikata jani, kitunguu chake kimetulia ardhini, na ncha yake inatoboa plastiki kama sindano. Kwa joto na unyevu ule, siku chache tu zulia langu likaota ndevu. Asubuhi ya ugeni nikamwambia kijana wa jirani, "Punguza zile ndefu tu." Akaja na fyekeo. Pigo la kwanza likaondoka na ndago, la pili likaondoka na nyasi za laki kadhaa. Pale penye upara nikaweka kiti cha mgeni rasmi.

Wakafika saa saba, jua la utosi. Shangazi mtu akavua viatu akanyage bustani, akaruka kama kakanyaga kikaango. Nikakimbilia mpira wa maji. Zikapoa dakika chache, zikarudi kuchemka.

Mazungumzo yakaendelea vizuri mpaka mzee alipoinama, akanyofoa jani la kuchokolea meno. Akalitafuna. Akalitoa, akalitazama pande zote mbili.

"Mwanangu, hii ni plastiki?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo," nikajibu, sijui kwa nini, maana nilishamwamkia.

"Marahaba. Na wale ng'ombe wanane wa kwenye barua, wanapumua?"

Akainama tena, akang'oa ndago moja, akaendelea na meno yake.