Hiyo mistari ya sysctl, nani alikuandikia?

Mafundi wengi wa seva ninaowajua wana faili lao la sysctl, yaani orodha ya namba za kubadilisha jinsi kerneli, kiini cha Linux, inavyofanya kazi. Wanatembea nalo kutoka kazi moja hadi nyingine kama mganga na mkoba wake: seva mpya ikishawekwa Linux, faili linabandikwa, `sysctl -p` inapigwa, mistari inateremka kwenye skrini, kazi imekwisha. Waulize mstari wa saba unafanya nini. Utaambiwa unaongeza spidi.

Msimamo wangu utawaudhi baadhi yao. Mstari usioweza kuueleza kwa maneno yako mwenyewe haufai kukaa kwenye seva yako, ufute. Kerneli ya leo ikiachwa na namba zake ilizokuja nazo mara nyingi itafanya kazi vizuri kuliko hilo faili, maana wanaoitengeneza wanazirekebisha kila inapobidi, na faili lako limebaki vile vile tangu siku liliponakiliwa.

Chukua `net.core.somaxconn`, ukomo wa foleni ya miunganisho inayosubiri programu iipokee. Kwa miaka mingi ilikuwa 128. Toleo 5.4 la kerneli, mwaka 2019, likaipandisha hadi 4096. Sasa fundi anabandika faili la zamani lenye `net.core.somaxconn = 1024`, na juu ya mstari kuna maelezo kwamba hapa tunaongeza uwezo. Enzi za 128 uliongezeka kweli. Leo ameupunguza mara nne kwa mkono wake.

Wanaoandika 65535 nao hawajapata kitu. Kerneli huchukua namba ndogo kati ya hiyo na ile iliyoombwa na programu yenyewe, na nginx, programu ya kuhudumia tovuti, kwenye Linux huomba 511 usipoiandikia `backlog` kwenye mstari wa `listen`. Piga `ss -ltn` uangalie safu ya Send-Q: kwa soketi inayosikiliza, yaani mlango ambao programu inasubiria wateja, hiyo ndiyo foleni uliyonayo kweli. Kisha piga `nstat -az TcpExtListenOverflows`. Kama inasoma sifuri, foleni haijafurika hata mara moja tangu seva iwake, na ugonjwa unaoutibu haupo.

Lakini mstari ninaouchukia kuliko yote ni `net.ipv4.tcp_tw_recycle = 1`, na kwetu Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada ya kuuchukia. Muunganisho wa TCP, kanuni inayobeba data nyingi za mtandaoni, ukifungwa, upande uliotangulia kufunga huubakiza kwenye hali ya TIME_WAIT kwa sekunde 60. Fundi anapiga `ss -s`, anaona maelfu ya TIME_WAIT, anashtuka, anatafuta dawa, anakutana na mstari huu. Anauweka, idadi inashuka, anafurahi.

Alichokifanya ni kuiambia seva ikumbuke alama ya muda ya mwisho iliyotoka kwenye kila anwani ya IP, na kuitupa pakiti (kipande cha data) yoyote ya kufungua muunganisho inayokuja ndani ya hizo sekunde 60 ikiwa na alama iliyo nyuma ya ile. Kama kila anwani ingekuwa kompyuta moja, sawa. Sasa angalia simu zetu. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IPv4 kwa NAT, na kila simu ina hesabu yake ya muda. Kwa seva, simu hizo zote ni mtu mmoja ambaye saa yake inaruka mbele na kurudi nyuma. Basi mteja wa Mbagala anafungua tovuti yako, wa Kariakoo aliye kwenye mtandao ule ule wa simu anabaki anaangalia kiduara kinazunguka, na baada ya dakika mbili wamebadilishana nafasi. Kwenye logi za nginx hakuna kitu, kwa sababu pakiti zimetupwa kabla hazijamfikia nginx. Na wewe ofisini, kwenye fiba yenye anwani yake, unaijaribu tovuti na inafunguka mara moja. Unawaambia wateja tatizo ni bando lao.

Waliotengeneza kerneli wenyewe waliona haifai wakaiondoa kabisa kwenye toleo 4.12, mwaka 2017. Kwenye seva mpya mstari huo utakupa `No such file or directory` tu. Ila CentOS 7, aina mojawapo ya Linux, ilikuja na kerneli 3.10, ambayo bado inao, na ingawa msaada wake uliisha Juni 2024, seva za namna hiyo zipo zinahudumia watu hadi leo. Kama unayo moja, piga `sysctl net.ipv4.tcp_tw_recycle` kabla hujamaliza kusoma hapa.

Ndugu yake ni `tcp_fin_timeout`, ambayo watu huishusha hadi 15 au 10 wakidhani wanafupisha TIME_WAIT. Haigusi TIME_WAIT. Inahusu FIN_WAIT_2, hali nyingine kabisa ya kusubiri upande wa pili ufunge, na zile sekunde 60 zimeandikwa ndani ya msimbo wa kerneli, sysctl haizifikii. Na hao TIME_WAIT maelfu hata hawana shida, kila mmoja anakula kumbukumbu kidogo sana.

Sisemi usiguse kitu. Kuna ninachobadilisha karibu kila mara: seva iliyo Ulaya inayohudumia watumiaji wa huku, ninaiwekea `net.ipv4.tcp_congestion_control = bbr`, mstari unaochagua njia ya kudhibiti mwendo wa data. Njia iliyozoeleka, cubic, huona pakiti moja imepotea ikadhani barabara imejaa, ikapunguza mwendo. Kwenye safari ndefu ya kebo za baharini ikiishia kwenye mnara wa simu uliolemewa, pakiti hupotea kwa sababu nyingi zisizohusu msongamano. BBR, iliyoingia kwenye kerneli 4.9 mwaka 2016 kutoka Google, hupima uwezo wa njia na muda wa kwenda na kurudi, haishtuliwi na kila pakiti iliyopotea. Huo mstari naweza kuutetea mbele ya yeyote, na kabla ya kuuweka nampa mtu aliye Mwanza apakue faili kubwa, halafu apakue tena baada ya kuuweka.

Bafa za TCP, kumbukumbu inayoshikilia data iliyo njiani, nazo zina hesabu yake, wala si ngumu. Chukua kasi unayoitaka kwa muunganisho mmoja, zidisha na muda wa kwenda na kurudi. Megabiti 100 kwa sekunde mara sekunde 0.15 ni megabiti 15, yaani chini kidogo ya megabaiti 2. Ukomo wa kawaida wa `tcp_wmem`, bafa ya kutuma, kwenye seva nyingi ni megabaiti 4. Unatosha. Ukitaka gigabiti nzima kwa muunganisho mmoja ndipo utahitaji karibu megabaiti 19, na hapo pandisha. Lakini ni mteja gani wako mwenye simu atakayepokea gigabiti?

Usiniambie mambo haya ni ya zamani kwa sababu siku hizi kuna Ansible, programu ya kusimamia seva nyingi kwa pamoja. Ansible inachofanya ni kulisambaza faili lile lile kwenye seva hamsini kwa mpigo.

Kuhusu pa kuandika: acha `/etc/sysctl.conf`. Debian 13, aina nyingine ya Linux iliyotoka 2025, haisomi tena faili hilo wakati wa kuwaka, kwa hiyo `sysctl -p` itakuonyesha kila kitu kimekubali, na siku seva ikizimwa na kuwashwa vyote vimetoweka. Andika kwenye `/etc/sysctl.d/`, faili lako mwenyewe lenye jina linaloanza na namba kubwa, maana yanasomwa kwa mpangilio wa majina na la mwisho ndilo linaloshinda. Juu ya kila mstari weka maelezo: tatizo lilikuwa nini, ulipima nini, tarehe gani. Pakia kwa `sysctl --system`.

Na kabla ya faili, jaribu kwanza kwa `sysctl -w`, ambayo hubadilisha papo hapo bila kuhifadhi. Watu huona huo ni upungufu wake, mimi naona ni uzuri wake. Netplan, programu ya kupanga mtandao wa seva, ina `netplan try`, ambayo hurudisha mipangilio ya awali usipothibitisha ndani ya sekunde 120. Sysctl haina kitu kama hicho, ila unaweza kujitengenezea. Kabla ya kugusa chochote kinachoweza kukufungia nje, mfano `rp_filter` (kichujio kinachokagua pakiti zimetoka wapi) kwenye seva yenye kadi mbili za mtandao, au `disable_ipv6` huku umeingia kwa IPv6, tanguliza `shutdown -r +10`. Mstari ukikukatia SSH, njia yako ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, baada ya dakika kumi seva itajizima na kuwaka bila badiliko lako. Mambo yakienda sawa, unapiga `shutdown -c`, kisha ndiyo unaandika kwenye faili. Ukianza na faili, seva itawaka na kosa lile lile, na utabaki kupiga simu kwenye kituo cha data Frankfurt ukiomba mtu akusogelee kibodi.